Salahuddin wa Skrini na Salahuddin wa Vitabuni

(Haya ni mazungumzo na vijana baada ya swala ya Isha. Waliokosa waliomba maandishi, basi tumeyaweka hapa karibu kama yalivyosemwa.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu na dada zangu, leo nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuzungumza na vijana kama nyinyi. Nilikuwa nimejiandaa usiku mmoja tu, na matayarisho yenyewe yalikuwa klipu za kwenye simu. Nikasimama mbele za watu nikasema kwa sauti kubwa: Salahuddin Ayubi hakuwahi kutabasamu maisha yake yote, kwa sababu Al-Quds ilikuwa mikononi mwa maadui. Ukumbi mzima, "Takbir!" Nami nikajiona nimefika.

Baada ya mazungumzo mzee mmoja akanishika mkono. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, yale ya kutotabasamu umeyasoma wapi?" Nikamwambia, "Mzee wangu, iko klipu moja, imetazamwa na watu wengi sana." Akacheka. Akasema, "Sikuuliza wangapi wameitazama. Nimeuliza nani ameipokea kutoka kwa nani."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na haya. Nikaanza kutafuta. Nikakuta kisa chenyewe kipo, lakini si cha Salahuddin. Mwanahistoria Abu Shama anakisimulia kuhusu Nuruddin Zengi, bwana wake Salahuddin. Na hakikuhusu Al-Quds wala maisha mazima. Mwaka 1169 mji wa Dimyat kule Misri ulikuwa umezingirwa, na Nuruddin akaona haya mbele ya Mwenyezi Mungu kutabasamu wakati Waislamu wako kwenye dhiki ile. Na unajua ni nani aliyekuwa anaitawala Misri wakati huo, anayehangaikiwa? Salahuddin mwenyewe! Yaani mimi nilikuwa nimemvika kijana kanzu ya bwana wake, kisha nikaipigia takbir.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo ndilo nimewaletea leo. Huyu Salahuddin tunayemtazama, na yule aliyeishi, ni mtu mmoja? Na kama si mmoja, sisi tunapoteza nini?

Skrini tatu

Tuanze na skrini. Mwaka 1963 Misri ilitoa filamu kubwa ya rangi, "Al-Nasir Salah al-Din", ya mwongozaji Youssef Chahine. Salahuddin aliigizwa na Ahmed Mazhar. Mwaka 2005 ikaja "Kingdom of Heaven" ya Ridley Scott, ambamo mwigizaji wa Syria, Ghassan Massoud, aliigiza Salahuddin kwa heshima ambayo wengi wetu hatukuitarajia kutoka Hollywood. Kati ya hizo, 2001, Wasyria walitoa tamthilia yao iliyoongozwa na Hatem Ali. Na hii ambayo nyinyi mnamalizia bando zenu usiku, ya Kituruki, ilianza kuonyeshwa TRT 1 Novemba 2023.

Sikuja kuharamisha mtu kutazama. Mimi mwenyewe ninatazama. Ila ukitazama, jua kwamba kila mtengenezaji anamchukua Salahuddin wa haja yake. Misri ya 1963 ilikuwa ya Gamal Abdel Nasser, na zile ndoto za Waarabu wote kuwa taifa moja. Hata jina la filamu, "Al-Nasir", ni lakabu ya kweli ya Salahuddin, lakini Mmisri wa wakati ule alipolisikia alimwona rais wake. Ndani ya filamu Salahuddin ni shujaa wa Waarabu. Sasa huyu bwana alizaliwa Tikrit, mwaka 532 Hijria, yaani 1137 au 1138, katika ukoo wa Kikurdi. Jina lake ni Yusuf bin Ayyub. Ukurdi wake filamu ile haikuwa na kazi nao.

Hollywood ya 2005 nayo ilikuwa na haja yake. Marekani ilikuwa Iraq, dunia imejaa hasira, na filamu ikataka kuonyesha kwamba kwenye kila upande kuna watu wema na kuna wenda wazimu. Nia nzuri. Lakini nia nzuri haiifanyi hadithi kuwa historia.

Tunaye shahidi, na tunaye mkosoaji

Labda mtasema, "Ustadh, mambo ya miaka mia nane iliyopita tutayajuaje?" Kwa mashujaa wengine hilo ni swali gumu. Ertuğrul, kwa mfano, yule wa ile tamthilia ndefu, habari zake za uhakika hazijazi hata ukurasa mmoja. Waandishi waliokuja kumsimulia waliishi zama za mbali na zake. Vile vipindi vyote ni ubunifu wa waandishi wa tamthilia.

Salahuddin si hivyo. Tunaye Bahauddin Ibn Shaddad, kadhi wa jeshi lake, aliyeingia kwenye utumishi wake mwaka 1188 na akawa naye hadi kifo. Tunaye Imaduddin al-Isfahani, katibu wake. Na tunaye Ibn al-Athir, mtu wa upande wa Mosul, ambaye hakumpenda sana na hakuficha makosa yake. Hiyo ni neema kubwa. Rafiki atakwambia mazuri, mkosoaji atakwambia mabaya, na pale wanapokubaliana wote wawili, hapo unaweza kuweka mguu.

Basi tuwaulize hawa.

Njia ilikuwa ndefu

Kwenye skrini mambo yanakwenda mbio. Shujaa anakunja uso, anaapa, muziki unapanda, kipindi kinachofuata mji umefunguliwa.

Sasa hesabu na mimi. Salahuddin alikuwa waziri wa Misri mwaka 1169. Al-Quds aliiingia 1187. Miaka 18! Na katika hiyo miaka alikuwa akifanya nini? Nuruddin alifariki 1174, na kuanzia hapo mpaka 1186, miaka kumi na miwili, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa na Waislamu wenzake. Damascus ilimpokea 1174. Halab hakuipata mpaka 1183. Mosul walikubaliana 1186. Wengine aliwashawishi, wengine aliwaoza, wengine aliwalipa, na wengine alipigana nao, Mwislamu kwa Mwislamu. Wapinzani wake walimwambia waziwazi: wewe hutafuti jihadi, unatafuta ufalme. Hili ni shtaka alilokuwa akijibu kwa barua baada ya barua, na wanazuoni wa historia wanalijadili mpaka leo.

Na aliposhindwa, alishindwa kweli. Novemba 1177 alipigwa vibaya na jeshi la mfalme Baldwin, kijana wa miaka kumi na sita mwenye ukoma, akaponea chupuchupu kurudi Misri. Ndiyo, yule yule wa barakoa kwenye filamu. Mwaka 1175 na 1176 wauaji wa kisirisiri walijaribu kumuua mara mbili. Mwisho wa 1185 aliugua mpaka watu wakakata tamaa naye. Hata baada ya ushindi wa Hittin, Julai 1187, aliuacha mji wa Sur usichukuliwe, na aliowaacha waende salama kutoka miji mingine wakajikusanya pale. Ibn al-Athir anamlaumu wazi kwa hilo. Kutoka Sur ndipo Mafaranja walipoinuka tena wakaizingira Akka, na Akka ikaanguka 1191.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu wako vijana wetu wanaojaribu jambo la heri mara moja, likikwama, wanaliacha. Anaanzisha darasa, wiki ya tatu wanabaki watu wanne, anavunjika moyo. Anasema, "Umma huu umeoza, tunamngoja Salahuddin wetu." Ndugu yangu, Salahuddin mwenyewe alikuwa na mwaka 1177 wake. Tamthilia imekufundisha kungoja mtu asiyejikwaa, na mtu huyo hakuwahi kuwepo.

Isa mwogeleaji

Hapa ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote, nisikilizeni vizuri.

Kwenye filamu ya Misri yuko mhusika anaitwa Isa al-Awwam, Isa Mwogeleaji. Ni kamanda mzuri wa sura, Mkristo wa Kiarabu, mkono wa kulia wa Salahuddin, na anapendana na mwanamke wa Kifaranja. Watengenezaji walitaka kuonyesha kwamba Waarabu Waislamu na Wakristo walikuwa bega kwa bega. Ujumbe mzuri, na ni kweli Wakristo wa Kiarabu walikuwepo katika nchi zile.

Lakini Isa wa kweli yumo kwenye kitabu cha Ibn Shaddad, na habari yake ni fupi. Alikuwa Mwislamu. Hakuwa kamanda. Akka ilipokuwa imezingirwa na meli za adui, watu wa ndani hawana mawasiliano wala pesa za kulipa askari, huyu bwana alikuwa anajifunga barua na pesa kiunoni, usiku anaingia baharini, anapiga mbizi chini ya meli za adui, anatokea ng'ambo. Akifika anarusha ndege kama ishara kwamba mzigo umefika.

Usiku mmoja akaondoka na mifuko mitatu yenye dinari elfu moja, pamoja na barua. Ndege hakuonekana. Watu wakajua amekwisha. Baada ya siku kadhaa watu wa Akka walikuwa ufukweni, bahari ikaleta maiti. Wakaiangalia: ni Isa. Kiunoni dinari zote zipo, na barua zipo. Ibn Shaddad, kadhi yule, anastaajabu kwamba hajapata kusikia mtu aliyefikisha amana akiwa hai, kisha akaifikisha tena akiwa amekufa.

Sisi watu wa pwani tunaijua bahari ya usiku. Tunajua maana ya kuingia peke yako, maji meusi, na juu yako meli. Hebu niambieni: kati ya Isa wa filamu, mwenye farasi na mchumba, na Isa wa kweli, ni yupi unayeweza kumfuata kesho asubuhi? Filamu ilimpandisha cheo Isa, na ilipompandisha ikamwondolea kile alichokuwa nacho. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye ujuzi mmoja, kuogelea, na sifa moja, amana. Hakushika mji wala hakuua mfalme. Alibeba pesa za watu wengine, na haikupungua hata dinari.

Ukitazama vitabuni, watu wa aina hii wamejaa. Al-Qadi al-Fadil, aliyekuwa na kibiongo mgongoni, ndiye aliyeandika barua za dola nzima. Nuruddin aliamrisha minbari itengenezwe Halab kwa ajili ya Msikiti wa Al-Aqsa, karibu miaka ishirini kabla mji haujafunguliwa. Wakati ule ilionekana ndoto. Mafundi seremala walioichonga waliandika majina yao juu yake. Nuruddin akafa hajauona mji. Salahuddin alipoingia 1187 ndiye aliyeileta ile minbari, na ikakaa pale mpaka Agosti 1969 ilipochomwa moto. Fundi anapiga randa ubao wa minbari ya msikiti ambao hana njia ya kuufikia! Huyo huwezi kumpa vipindi kumi vya tamthilia, lakini bila yeye hakuna minbari.

Siku ya Al-Quds

Tuje kwenye kisa kikubwa. Kwenye "Kingdom of Heaven", Salahuddin na Balian wanakutana mbele ya kuta, Balian anauliza masharti, na Salahuddin anampa kila mtu wa mjini njia salama ya kuondoka. Kila nafsi. Watu wengi wamelia pale, nami sijifichi.

Kilichotokea kina uzuri wake, lakini si huo. Kwanza Balian wa kweli hakuwa mhunzi kutoka Ufaransa; alikuwa bwana mkubwa aliyeishi kule kule. Pili, Salahuddin alikataa mapatano mwanzoni. Alikumbuka mwaka 1099, Wapiganaji wa Msalaba walipoingia mji ule wakachinja Waislamu na Mayahudi, akasema atawatendea kama walivyotenda. Balian akajibu kwamba wakikosa amani watawaua mateka Waislamu walioko mjini, maelfu, na kubomoa Qubbat al-Sakhra na Al-Aqsa, kisha watoke wafe. Salahuddin akashauriana na watu wake, ndipo akakubali.

Makubaliano yalikuwa ya fidia: mwanamume dinari kumi, mwanamke tano, na mtoto dinari moja au mbili, kutegemea unamsoma nani. Muda siku arubaini. Maskini karibu elfu saba walitolewa kwa jumla ya dinari elfu thelathini. Ndugu yake, al-Adil, akaomba apewe watu elfu moja katika waliobaki, akapewa, akawaacha huru. Salahuddin mwenyewe akawaachia wazee. Hakukuwa na mauaji siku ile, tarehe 2 Oktoba 1187, ambayo ilikuwa 27 Rajab 583. Ukilinganisha na 1099 ni usiku na mchana. Hapa rafiki na mkosoaji wanakubaliana.

Lakini pia maelfu walioshindwa kulipa walichukuliwa utumwani. Hilo filamu imelifuta. Mara nyingi na sisi kwenye mihadhara tunalifuta.

Na liko jingine zito zaidi. Mwaka 1169, alipokuwa bado mgeni kwenye uwaziri, vikosi vya askari weusi wa dola ya Kifatimi viliinuka dhidi yake jijini Cairo. Vita vikapiganwa mitaani siku mbili. Ili kuwavunja, mtaa waliokuwa wakiishi, wenye familia zao, ulitiwa moto. Wakaomba amani, wakatolewa mjini, kisha wengi wakashambuliwa na kuuawa. Sijaona tukio hili likipewa nafasi kwenye zile filamu mbili.

Kimya kimeingia ukumbini, naona. Mwengine ananiangalia kana kwamba nimemtukana mzazi wake.

Sikilizeni. Sisi ni Waafrika, wengi wetu weusi, na hapa pwani neno "mtumwa" bado lina uzito. Nikiwaficha haya, kesho mtayapata mtandaoni kutoka kwa mtu asiyewapenda, na atawaambia, "Mashehe wenu waliwadanganya." Na atakuwa amesema kweli. Wangapi imani zao zimetikisika kwa njia hiyo? Si historia iliyowatikisa, ni kugundua kwamba walifichwa. Aliyehifadhiwa na makosa ni Mtume, rehma na amani zimshukie. Salahuddin alikuwa mfalme wa karne ya kumi na mbili. Alitenda mema makubwa na alitenda ya kifalme. Qur'ani imetuamrisha kusimamia uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Tutadaije watu wengine waseme ukweli kuhusu sisi, kama hatuwezi kuusema kuhusu shujaa wetu?

Yeye na Richard

Hapa nitapita haraka. Kwenye filamu ya Misri, Salahuddin na Richard wa Uingereza wanakutana uso kwa uso. Riwaya ya Walter Scott ya mwaka 1825 ilikwenda mbali zaidi, ikamfanya Salahuddin tabibu aliyejibadilisha sura. Ukweli ni kwamba hawakukutana hata siku moja. Waliongea kupitia wajumbe, na mara nyingi kupitia al-Adil.

Ile habari ya matunda na barafu ni kweli. Richard aliugua, akatamani matunda na theluji, Salahuddin akampelekea. Lakini Ibn Shaddad anaongeza jambo ambalo wasimulizi wanaliruka: nenda-rudi ya wale wajumbe ilimletea sultani habari za kambi ya adui. Ukarimu na akili vilikwenda pamoja. Sisi tumefundishwa kwamba mtu mwema lazima awe mjinga kidogo, na mjanja lazima awe mbaya. Si kweli.

Na vita haikuishia kwa mmoja kumwangusha mwengine. Iliishia kwenye karatasi. Septemba 1192, pande zote mbili zimechoka, mapatano ya miaka mitatu na miezi minane yakawekwa. Mafaranja wakabaki na pwani kutoka Sur hadi Yafa, Al-Quds ikabaki kwa Waislamu, na mahujaji wa Kikristo wakaruhusiwa kuizuru kwa amani. Hakuna aliyepata chote alichotaka. Salahuddin mwenyewe hakuyafurahia, lakini aliwaona askari wake wamechoka.

Mfalme mbele ya kadhi

Nimebakisha visa vitatu vidogo, vyote vya Ibn Shaddad.

Cha kwanza. Siku moja Ibn Shaddad akiwa kwenye kiti cha hukumu Al-Quds, akaja mfanyabiashara mmoja mzee, ana hati mkononi. Akaulizwa, "Unamshtaki nani?" Akasema, "Sultani." Anadai kwamba mtumwa wake mmoja alifariki, na mali nyingi ya mtumwa yule imeingia mikononi mwa Salahuddin. Sultani akaambiwa. Angeweza kucheka. Akateremka kwenye takia lake, akaketi sawa na yule mtu, kesi ikasikizwa. Akaleta mashahidi kuthibitisha kwamba tarehe iliyoandikwa kwenye hati haiwezekani, mtumwa yule alikuwa kwake Misri. Mzee akashindwa kesi. Kisha Salahuddin akampa vazi la heshima na pesa, asirudi kwao mkono mtupu baada ya kumtegemea.

Nyinyi mnaokwenda kwenye maofisi na wazazi wenu kufuatilia kitambulisho au hati ya shamba, mnaoambiwa "njoo kesho" na mtu asiyeinua hata uso: hiki ndicho kisa chenu. Upanga wa Salahuddin hauwezi kukusaidia mlangoni pale. Lakini mzee aliyeshika hati yake akasema "namshtaki sultani", na utaratibu uliomfanya sultani ateremke, hivyo unaweza kuvidai. Kwenye filamu zile mbili hamna. Watu wawili wameketi, wanasoma karatasi, nani atalipia tiketi?

Cha pili. Alikuwa na deni la saumu. Kwa maradhi yake ya mara kwa mara alikula siku za Ramadhani za miaka kadhaa, na al-Qadi al-Fadil ndiye aliyekuwa anaandika hesabu ya siku zile. Baada ya mapatano, akiwa Al-Quds, akaanza kuzilipa. Tabibu akamlaumu kwamba anajiumiza. Yeye akaendelea. Mtu ametikisa wafalme wa Ulaya, na ana daftari la siku anazodaiwa. Na Hijja je? Hakuwahi. Alinuia mwaka wake wa mwisho, lakini wakati ulikuwa finyu na mfuko haukuruhusu, akaahirisha. Mauti yakamkuta.

Cha tatu. Siku za mwisho Damascus, alikuwa ameketi na mtoto wake mdogo ambaye alimpenda sana. Wakaingia wajumbe wa Kifaranja, ndevu wamenyoa, nywele wamekata. Mtoto akaogopa, akalia. Sultani akawataka radhi wageni, akawaruhusu waende bila kusikiliza walichokuja nacho.

Mtu ambaye mimi nilisema hakuwahi kutabasamu.

Akafariki tarehe 4 Machi 1193, umri kama miaka 55. Kwenye hazina yake binafsi zikapatikana dirhamu 47 na dinari moja ya dhahabu. Hakuacha nyumba, shamba wala bustani. Gharama za maziko zilikopwa.

Basi tutazameje?

Sisemi zimeni simu. Nasema kila ukimaliza kipindi jiulize mambo matatu. Nani ameyasema haya, na amepokea kutoka kwa nani? Nani hayumo kwenye picha: fundi, karani, mwanamke, mtu mweusi, aliyeshindwa kulipa fidia? Na la tatu, baada ya kutazama nimebaki na hamu ya kufanya nini? Kama hamu iliyobaki ni kushika upanga tu, jua umekula sukari. Wako watu wanaowawinda vijana wetu kwa kutumia hamu hiyo hiyo. Wanakuonyesha farasi na bendera, wanakuambia "wewe ndiye Salahuddin wa leo", wanakupeleka porini ukafe bila jina, na mama yako abaki anazunguka na picha yako. Anayemjua Salahuddin wa vitabuni si rahisi kudanganywa namna hiyo. Anajua kwamba kazi ilikuwa miaka 18, na sehemu kubwa yake ilikuwa barua, mapatano, madeni na subira.

Na ukitaka kuweka stetasi, weka Isa. Kisha uende ukafikishe ile amana uliyoachiwa: pesa za mchango wa jirani, zamu yako ya kufundisha watoto madrasa, fomu ya yule mama asiyejua kusoma. Ifike kamili.

Yule mzee aliyeniuliza swali ameshatangulia mbele ya haki. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atusamehe sisi tunaosema tusiyoyajua. Lililo sawa katika maneno yangu ni kwa taufiki yake, na nilipokosea ni mimi. Mwenye kujua zaidi anisahihishe, niko pale nje kwenye kahawa.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.